Kumchagulia Mtoto Mkubwa Shule Inayomwachia Aongoze Kujifunza Kwake: Mwongozo kwa Wazazi wa Kenya na Tanzania

Kila mwaka shule zinapokaribia kufungwa mwezi wa Novemba, wazazi huniletea maswali yale yale. Mtoto wa miaka 12 aliyezoea ratiba, kengele na jaribio la kila mwezi, je, hajachelewa kuhamia shule ambayo yeye mwenyewe ndiye anayeamua asubuhi aanze na kazi gani? Akimaliza huko atakuwa na cheti gani? Na shule ikiwa imeandikwa Montessori, moja ya mifumo ya aina hiyo, kwenye bango la getini, hilo linatosha? Nimeandika mwongozo huu ili mzazi mwenye mtoto wa umri wa miaka 9 hadi 16 apate pa kuanzia, ajue la kuuliza, na asipoteze ada ya mwaka mzima kwa kujifunza mambo ambayo angeyajua kwa asubuhi mbili za ziara.

Nieleze msimamo wangu mapema. Naziamini shule hizi, na nimeona vijana waliokuwa wamechoka kabisa na masomo wakirudisha hamu ya kusoma. Hata hivyo, mtoto mkubwa anahitaji uangalifu mwingi zaidi kuliko mdogo, kwa sababu shule nyingi za aina hii katika nchi zetu zilianza kama shule za chekechea, kisha zikaongeza darasa moja baada ya jingine kadiri watoto walivyokua, na pia kwa sababu mtihani wa taifa haumsubiri mtu. Ndiyo maana karibu kila hatua hapa chini inarejea kwenye maswali mawili: mtoto anaamua nini hasa katika shule hii, na siku ya kuondoka atakuwa na nini mkononi?

Mambo ya kuwa nayo kabla ya kuanza

- Nakala ya cheti cha kuzaliwa na ripoti za mihula mitatu iliyopita, pamoja na maoni ya walimu, si alama peke yake.
- Kwa Kenya, namba ya tathmini ambayo mtoto alipewa na Baraza la Kitaifa la Mitihani (KNEC). Kwa Tanzania, namba yake ya PREM, yaani ya utambulisho wa mwanafunzi, na matokeo ya Darasa la Nne kama ameshafanya mtihani huo.
- Hesabu ya fedha ya kufikia mwisho wa ngazi nzima, kwa mfano miaka mitatu ya sekondari msingi ya Kenya (Gredi ya 7 hadi ya 9) au minne ya kidato cha kwanza hadi cha nne Tanzania. Ada ya muhula wa kwanza haikuonyeshi mzigo wenyewe.
- Asubuhi mbili au tatu za siku za kazi ambazo hutakuwa na haraka.
- Daftari la kuandikia unayoyaona, kwa sababu ukishatembelea shule tatu utaanza kuzichanganya.
- Mtoto mwenyewe.

Tofauti unazopaswa kuzijua

Wazazi wengi huchukulia kuwa kila shule mbadala humwachia mtoto uamuzi, na hapo ndipo makosa mengi huanzia. Maria Montessori, daktari wa Kiitalia aliyefungua shule yake ya kwanza, iliyoitwa Nyumba ya Watoto, mjini Rome mnamo Januari 1907, aliwapanga watoto kwa makundi ya miaka mitatu mitatu: 3 hadi 6, 6 hadi 9, 9 hadi 12, na kuendelea. Mtoto huchagua kazi miongoni mwa zile ambazo mwalimu amekwisha kumwonyesha, na huifanya katika kipindi cha karibu saa tatu kisichokatizwa na kengele. Kwa vijana wa miaka 12 hadi 15 Montessori alipendekeza maisha ya shambani, ambako wangelima, wangeuza mazao, wangeendesha duka na kutunza hesabu zake wenyewe. Mtanzania anayekumbuka sera ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ataliona wazo hili kuwa jirani, na akitembelea shule ya aina hii yenye shamba atafaa kuuliza ni nani anayeamua kipandwe nini na fedha za mavuno zinakwenda wapi.

Shule za Waldorf zilianzia Stuttgart, Ujerumani, mwaka 1919, chini ya mwanafalsafa Rudolf Steiner, kwa ajili ya watoto wa wafanyakazi wa kiwanda cha sigara. Zipo Nairobi na Dar es Salaam. Ni mbadala kweli, zenye sanaa, kazi za mikono na masimulizi mengi, lakini anayeongoza ni mwalimu: somo kuu la asubuhi huchukua karibu saa mbili, na darasa zima hukaa na mada moja kwa wiki tatu au nne. Mtoto anayestawi anapoongozwa na mtu mzima anayempenda anaweza kufaa sana hapo, ila mzazi asiingie akidhani kuwa mtoto atajichagulia masomo.

Upande wa pili kabisa zipo shule kama Summerhill ya Uingereza, iliyoanzishwa na A. S. Neill mwaka 1921, na Sudbury Valley ya Marekani iliyofunguliwa mwaka 1968. Huko mtoto asiyetaka kuingia darasani haingii, na sheria za shule hupitishwa mkutanoni kwa kura, mtoto na mwalimu wakiwa na kura moja kila mmoja. Ukikutana na kituo kinachojitambulisha kwa mawazo hayo katika eneo lako, soma hatua ya 2 na ya 3 kwa makini kuliko nyingine zote.

Hatua kwa hatua

1. Zungumza na mtoto kabla ya kutembelea shule yoyote. Muulize ni kazi gani anaifanya bila kusukumwa na mtu, ni kitu gani kinamchosha katika shule aliyopo, na ni nani au nini asingependa kukiacha. Kijana wa miaka 13 anayehamishwa bila kuulizwa huingia katika shule ya uhuru kwa njia ya kulazimishwa, na walimu huchukua muda mrefu kuliondoa jeraha hilo.

*Tahadhari:* Usimhamishe kama adhabu, wala kama dawa ya kufeli kabla ya kujua chanzo cha kufeli. Kwanza mpeleke apimwe macho na masikio, na kama kusoma kunamtatiza, tafuta mtaalamu amwangalie. Katika shule ya kawaida mtoto asiyeweza kusoma vizuri hugundulika kwa kulazimishwa kusoma mbele ya wenzake, jambo ambalo ni chungu. Katika shule ambayo anajichagulia kazi, mwalimu asipokuwa makini, mtoto huyo huyo anaweza kukwepa vitabu kwa mwaka mzima huku akionekana ana shughuli nyingi.

2. Amua njia ya kutokea kabla ya kuamua shule ya kuingilia. Hatua hii wazazi huiahirisha, na ndiyo inayowagharimu zaidi.

Nchini Kenya, mwanafunzi hufanya tathmini ya KPSEA mwishoni mwa Gredi ya 6 na ya KJSEA mwishoni mwa Gredi ya 9. Anapopangiwa sekondari pevu, yaani Gredi ya 10 hadi ya 12, KJSEA huchukua asilimia 60 ya alama, KPSEA asilimia 20, na tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8 asilimia 20 zilizobaki. Maana yake ni kwamba shule isiyowasilisha tathmini za shuleni kwa KNEC inamwondolea mtoto sehemu ya alama zake miaka miwili kabla hajakaa kwenye chumba cha mtihani. Muulize mkuu wa shule waziwazi: tathmini za Gredi ya 7 za mwaka jana ziliwasilishwa? Naweza kuona uthibitisho? Mtoto akiwa tayari katika Gredi ya 8, mimi humshauri mzazi amwache amalize ya 9 alipo, kisha wahame akiingia Gredi ya 10, isipokuwa kama shule aliyopo inamwumiza.

Nchini Tanzania, Baraza la Mitihani (NECTA) linasimamia upimaji wa Darasa la Nne na wa Kidato cha Pili, pamoja na mitihani ya kumaliza elimu ya msingi, Kidato cha Nne na cha Sita. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, katika toleo lake la 2023, imepunguza elimu ya msingi kutoka miaka 7 kuwa 6, kwa hiyo uliza pia mtoto wako yuko katika kundi la muundo upi. Kijana ambaye hakupitia sekondari iliyosajiliwa bado ana njia: hufanya Mtihani wa Maarifa, unaojulikana kwa herufi QT, kisha mtihani wa Kidato cha Nne akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Njia hiyo ni halali na wengi wameipita, lakini inadai nidhamu ya kujisomea, na masomo ya sayansi yanahitaji maabara ambayo kituo kidogo huwa hakina.

Njia ya tatu ni mitihani ya kimataifa ya Cambridge, ya Uingereza, ambayo shule nyingi mbadala huipenda kwa sababu mtoto huchagua masomo na anaweza kuyafanya kwa awamu. Ada yake hulipwa kwa kila somo, na fedha yake hufuata thamani ya pauni, kwa hiyo iweke katika hesabu zako tangu mwanzo. Ukitarajia mtoto arudi katika mfumo wa Tanzania, cheti hicho hupelekwa NECTA kulinganishwa.

*Tahadhari:* Ukiambiwa kwamba "mtoto atafanya mtihani akiwa tayari", uliza ni mtihani upi, katika kituo kipi, na mwanafunzi wa mwisho aliyeufanya kutoka shule hiyo aliufanya mwaka gani. Shule nzuri hujibu maswali hayo matatu kwa dakika moja.

3. Hakiki usajili wa ngazi anayoingia mtoto wako. Shule inaweza kuwa imesajiliwa kihalali kwa chekechea na msingi huku darasa la vijana wa miaka 13 likiendeshwa bila kibali. Tanzania, namba ya usajili ya shule ya msingi huanza na herufi EM na ya sekondari huanza na S; omba zote mbili kama shule inadai kuwa na ngazi zote mbili, kisha ziulizie kwa afisa elimu wa halmashauri. Kenya, omba kuona cheti cha usajili cha Wizara ya Elimu na uangalie ngazi zilizoandikwa humo, halafu thibitisha katika ofisi ya elimu ya kaunti. Uliza pia kama shule yenyewe ni kituo cha mtihani au huwapeleka watahiniwa kwingine.

Kuhusu majina: Montessori halimilikiwi na mtu yeyote, na mwenye nyumba yoyote anaweza kuliandika ukutani. Waldorf limelindwa kisheria katika baadhi ya nchi, ikiwemo Ujerumani, lakini hilo halikusaidii sana ukiwa umesimama getini Kitengela au Tegeta.

4. Uliza mwalimu alisomea umri upi. Tanzania ina vyuo vinavyofundisha walimu wa Montessori, vingi vikiwa chini ya makanisa, na kazi yao ni ya kuheshimiwa. Sehemu kubwa ya mafunzo hayo, hata hivyo, ni ya kulea watoto wa miaka 3 hadi 6. Chama cha kimataifa cha Montessori (AMI), kilichoundwa mwaka 1929, hutoa mafunzo tofauti kwa walimu wa miaka 3 hadi 6, kwa wa miaka 6 hadi 12, na kwa walezi wa vijana, kwa sababu kumwongoza mtoto anayejifunza kufunga vifungo vya shati si sawa na kumwongoza kijana anayetaka kujua kwa nini riba ya mkopo inakua haraka kuliko alivyodhani. Kwa hiyo swali lako liwe mahususi: mwalimu wa darasa la miaka 9 hadi 12 alisomea umri upi, wapi, kwa muda gani? Kenya, ongeza swali la namba yake ya Tume ya Kuwaajiri Walimu (TSC). Na kama darasa la vijana lina mwalimu mmoja wa kufundisha hesabu, sayansi, lugha na historia, uliza anasaidiwa na nani.

5. Kaa darasani asubuhi nzima. Ziara ya kuzungushwa na mkuu wa shule kwa nusu saa inakuonyesha majengo. Omba kukaa kwenye kiti pembeni, kimya, kuanzia watoto wanapofika hadi chakula cha mchana. Chagua mtoto mmoja wa umri wa wako, na kila baada ya dakika kumi andika anafanya nini. Shule inayokataa kabisa wazazi kuketi darasani, hata kwa kupanga siku mapema, mimi naiondoa kwenye orodha.

Nikupe mfano wa kitu kinachostahili kutafutwa. Katika darasa moja la Montessori la miaka 9 hadi 12 nilimtazama mvulana aliyekuwa anatafuta kipeuo cha pili cha 1,225 kwa ubao wenye vitundu na vijiti vidogo vya rangi: vyekundu vya mamia, vya buluu vya makumi, vya kijani vya mamoja. Alianza na vyekundu 12, vya buluu 2 na vya kijani 5. Alipanga vyekundu 9 katika mraba wa 3 kwa 3, akabaki na 3 visivyotosha kuongeza upande. Akavibadilisha vile 3 kuwa 30 vya buluu, akawa na 32, akapanga 15 upande wa kulia na 15 chini. Vya buluu viwili vilivyobaki akavibadilisha kuwa 20 vya kijani, vikawa 25 pamoja na vile vya mwanzo, navyo vikajaza pembe iliyobaki wazi, safu 5 za vijiti vitano vitano. Akahesabu upande mmoja: makumi 3 na mamoja 5. Kisha akaandika 35 katika daftari lake. Awali alikuwa amekosea hesabu ya kubadilisha, pembe ikabaki na matundu matupu, na hakumwita mtu. Alirudi nyuma, akaona, akarekebisha. Mwalimu alikuwa mita mbili kutoka pale, akimwonyesha binti mwingine kazi ya sarufi, na macho yake yalipita kwa mvulana yule zaidi ya mara moja.

Hayo ndiyo ya kutafuta: kazi ngumu inayolingana na umri, kosa linalojionyesha lenyewe, na mtu mzima anayejua kinachoendelea bila kuingilia. Angalia pia muda. Mtoto mkubwa akikaa na jambo moja kwa dakika arobaini au zaidi, darasa linafanya kazi. Minong'ono na watoto wanaotembea visikutishe. Katika madarasa haya huo ni mwenendo wa kawaida.

*Tahadhari:* Dalili mbaya ni hizi. Vifaa vizuri vilivyopangwa kwenye rafu huku vumbi limetanda juu yake. Watoto wote wakijaza karatasi ile ile kwa wakati mmoja, kwa agizo la mwalimu, katika shule iliyokueleza kuwa kila mtoto hujichagulia. Kijana anayezurura asubuhi nzima bila mtu mzima kumsogelea hata mara moja. Vijana wa miaka 13 wakitumia vifaa vya watoto wa miaka 6 kwa sababu shule haijanunua vingine. Na simu mikononi zikiitwa utafiti.

6. Omba kuona kumbukumbu za kazi za mwanafunzi mkubwa. Jina lifichwe, hilo ni sawa. Katika shule inayofanya kazi vizuri kila mtoto mkubwa ana daftari la kazi ambalo anaandika alichopanga, alichofanya na alichokiacha njiani, na mwalimu ana kumbukumbu zake za masomo aliyomwonyesha na tarehe zake. Soma wiki nne zinazofuatana. Je, hesabu inaonekana kila wiki? Kuna maandishi marefu, au ni michoro tu? Kitu kilichoachwa njiani kilirudiwa? Shule isiyotoa alama wala kupanga watoto kwa nafasi inapaswa kuwa na kumbukumbu nzuri kuliko ya kawaida, kwa kuwa hizo ndizo ripoti zako. Ukionyeshwa faili jembamba lenye picha za siku ya michezo, umepata jibu.

7. Uliza mambo ya nidhamu kwa mfano, si kwa maneno ya jumla. Swali "mnashughulikiaje nidhamu?" huleta jibu zuri kila mahali. Badala yake uliza: wiki iliyopita vijana wawili wakigombana, kilifuata nini? Sheria ipi ya shule ilitungwa au kubadilishwa na wanafunzi mwaka huu? Kenya, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imepiga marufuku adhabu ya kumpiga mwanafunzi. Tanzania kanuni bado zinaruhusu viboko kwa masharti, kwa hiyo usidhani kwamba shule mbadala imeviacha kwa sababu tu ni mbadala. Uliza, na umuulize pia mwanafunzi. Kwangu mimi uhuru wa kuchagua kazi hauwezi kukaa chumba kimoja na fimbo, maana mtoto anayeogopa kipigo huchagua kinachomfurahisha mwenye fimbo. Kama ni shule ya bweni, uliza ni nani anayelala na watoto usiku, na mtoto akitaka kuripoti jambo la aibu anamwendea nani nje ya walimu wa zamu.

8. Tafuta waliotoka. Omba mawasiliano ya wazazi wawili ambao watoto wao walihitimu au walihama, kisha watafute wengine wawili kwa njia zako mwenyewe. Waulize kitu kimoja kikubwa: mtoto alipofika shule iliyofuata alikuwa nyuma katika nini na mbele katika nini? Ninayoyasikia mara nyingi ni kwamba watoto hawa huwa mbele katika kujieleza, kupanga muda na kuuliza maswali, na huwa nyuma katika kasi ya kujibu mtihani wa karatasi. Kasi hufundishika kwa miezi michache.

9. Mwache mtoto akae wiki moja ya majaribio. Siku moja haitoshi, kwa kuwa siku ya kwanza kila mtoto ni mgeni na wenyeji wote ni wakarimu. Jioni usimhoji, subiri aseme mwenyewe. Mwishoni mwa wiki zungumza na mtoto na mwalimu kwa pamoja, na sauti ya mtoto iwe na uzito wa kweli katika uamuzi.

10. Weka makubaliano kwa maandishi. Yawemo karo na gharama za vifaa, safari na mitihani. Utaratibu wa kurudishiwa fedha mtoto akiondoka katikati ya mwaka. Siku ambayo utapewa taarifa ya maendeleo kila muhula. Na ahadi ya kukabidhi barua ya uhamisho na kumbukumbu zote za mtoto ndani ya muda uliotajwa. Kulipa mwaka mzima kwa mkupuo kwa ajili ya punguzo ni hatari pale shule inapokuwa changa.

Matatizo yanayojitokeza na namna ya kuyashughulikia

*Muhula wa kwanza hafanyi chochote.* Kwa mtoto aliyetoka kwenye shule ya amri, wiki za mwanzo za uvivu ni jambo la kutarajiwa, na kwa kijana wa miaka 14 zinaweza kufika muhula mzima. Cha kupima ni kama mwalimu ana mpango. Muulize amemwonyesha masomo mangapi mapya mwezi huu na mtoto alivutwa na lipi. Mwalimu akijibu kwa tarehe na majina ya kazi, vumilia. Akijibu kwamba mtoto "atakuja tu mwenyewe", itisha kikao.

*Anakwepa hesabu.* Hili ndilo lalamiko la kwanza kwa watoto wakubwa. Makubaliano ya kila wiki kati ya mtoto na mwalimu, yanayotaja kiwango cha chini cha hesabu huku mtoto akiamua siku na saa, hufanya kazi vizuri kuliko kumlazimisha kila asubuhi. Jizuie kumtafutia mwalimu wa tuisheni kila jioni tangu mwezi wa kwanza, kwani mtoto hujifunza haraka kwamba shule ni ya kucheza na masomo ni ya usiku, na shule haipati nafasi ya kufanya kazi uliyoilipia.

*Bibi, babu na shangazi wanasema umempoteza mtoto.* Waalike shuleni siku ambayo wanafunzi wanaonyesha kazi zao, na mwachie mtoto aeleze mwenyewe. Ukimtetea wewe, ubishi utaendelea hadi Krismasi au Idi ijayo.

*Mtihani umebaki mwaka mmoja na hajawahi kuketi kwa mtihani wa saa mbili.* Anzeni sasa na karatasi za miaka iliyopita, moja kwa wiki, kwa muda halisi, kisha asahihishe mwenyewe kwa mwongozo wa alama. Vijana waliozoea kutafuta makosa yao wenyewe huichukulia kama kazi nyingine ya kujipangia. Mwache apange ni somo gani lianze.

*Haiendi kabisa, na mtoto anaomba kurudi.* Mihula miwili ya jitihada za kweli inatosha kuamua. Mrudishe mwanzoni mwa mwaka kama inawezekana, yaani Januari, na kabla ya mwaka wa mtihani. Wahi kuchukua barua ya uhamisho kabla shule haijafungwa, kwa sababu likizo ya Desemba ofisi nyingi huwa na mlinzi peke yake.

*Shule inafungwa ghafla.* Shule ndogo zinazotegemea ada za familia chache hufungwa mara nyingi kuliko kubwa. Kila mwisho wa muhula piga picha kurasa za kumbukumbu za mtoto na uhifadhi nakala nyumbani, pamoja na namba yake ya tathmini au ya PREM na risiti zote. Ikitokea, nenda siku hiyo hiyo kwa afisa elimu wa halmashauri au wa kaunti ukiwa na nakala hizo, omba mtoto aandikishwe katika shule ya karibu iliyosajiliwa ili namba yake isikatike, kisha utafute shule nyingine ya mwelekeo ule ule ukiwa umetulia.